Kabla ya kununua rimu za otokrosi za Subaru WRX STI
Otokrosi ni mashindano ambapo gari moja moja hukimbizana na saa kwenye njia iliyopangwa kwa koni. Ukishindana Marekani kwa kanuni za SCCA (chama cha michezo ya magari cha huko), kundi la Street, la magari yasiyobadilishwa sana, linaruhusu kipenyo cha rimu kiongezeke au kipungue kwa inchi 1 tu. Upana ubaki wa kiwandani, na ofseti (umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari) isitofautiane kwa zaidi ya mm 7. STI ya 2015 ilitoka na rimu za 18x8.5 (kipenyo na upana kwa inchi), ofseti mm 55, matundu 5x114.3 (matundu matano ya nati kwenye duara la mm 114.3). Ukifunga rimu pana ya inchi 9, hata kama haigusi popote, umeshajihamisha kwenda kushindana na magari yaliyofanyiwa mengi zaidi.

Rimu ya inchi 17 inavutia. Tairi 245/40R17 ina kipenyo cha mm 628, dhidi ya 653 za 245/40R18, hivyo gari linachomoka kama gia zimefupishwa kwa asilimia 4. Lakini gia ya pili nayo itaisha mapema (injini itafika kikomo cha mizunguko), pengine katikati ya kona. Tena jaribisha rimu kwenye kalipa za breki za Brembo kabla ya kulipa. Mara nyingi kinachokwaruza ni umbo la spoki.

Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Ukichanganya mpya na kuukuu, difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) haipumziki hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka na kuchakaa.