Mambo ya kuzingatia kabla ya kutumia kompyuta mpakato kama monita ya kamera

Kabla hujafungasha vifaa kwenda kurekodi Msimbati au Kilwa Kisiwani, elewa kwamba tundu la HDMI lililo ubavuni mwa kompyuta mpakato, karibu katika kompyuta zote, ni la kutoa picha, si la kupokea. Ukichomeka waya wa kamera humo hutaona kitu. Unahitaji kapcha kadi, kile kifaa kidogo kinachopokea HDMI upande mmoja na kuchomekwa kwenye USB upande wa pili, pamoja na programu ya kuonyeshea picha kama OBS, ambayo ni ya bure. Ipakue na uijaribu ukiwa bado nyumbani.

Kadi iwe ya USB 3.0. Ile ya USB 2.0 ina ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, ilhali picha ya 1080 isiyobanwa, kwa fremu 25 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya megabiti 800. Ndiyo maana kadi za bei ya chini huibana picha, ikawa hafifu mno kupimia fokasi. Hata kwa kadi nzuri picha huchelewa kidogo, hivyo anayemfuata mtu anayetembea atazame kioo cha kamera. Rekodi ndani ya kamera. Chaji betri zote. Zima hali ya kuokoa umeme, kwa sababu hufifisha skrini.

Jua ndilo lililonitesa. Nilikuwa Mikindani, ufukweni, saa sita mchana, nikirekodi kaswida ya watoto wa madrasa waliovaa kanzu nyeupe. Skrini nyingi za kompyuta mpakato hutoa mwanga wa niti (kipimo cha mng'ao wa skrini) 250 hadi 300, wakati monita za kazi ya nje hufika 1,000 na zaidi. Picha ilionekana ya giza, nikafungua lenzi iingize mwanga zaidi. Nikaiona bado ya giza, nikafungua tena. Usiku, chumbani, nilikuta nyuso zimepauka na kanzu zote zimeungua, weupe mtupu usio na mkunjo, na ile darizi ya shingoni ambayo wazazi waliilipia haikuonekana hata uzi mmoja. Palipoungua kiasi hicho hapana programu ya kupaokoa. Nilimwendea mwalimu wao nikamwambia, “Shikamoo ustadhi, kazi nimeiharibu, naomba tuirudie.” Alinyamaza, kisha akaniuliza nitawaambia nini wazazi waliokwisha kufua na kupiga pasi. Tulirudia saa moja asubuhi, na watoto wawili hawakuweza kuja.

Kwa hiyo skrini ya kompyuta itumie kupangia fremu, usiitumie kamwe kupimia mwanga. Washa zebra, ile michirizi inayoonyesha palipozidi mwanga, kwenye kamera, uiweke asilimia 95, na michirizi ikitanda kwenye nguo nyeupe, punguza mwanga papo hapo. Kamera nyingine haziipeleki zebra kwenye HDMI, basi itazame kwenye kioo chake. Kompyuta iweke ndani ya boksi lililofunikwa kaniki, ila matundu ya hewa yabaki wazi, kwani ikipata joto kali hupunguza kasi na picha huanza kukwama.

Tundu dogo la HDMI la kamera huvunjika upesi, kwa hiyo waya ufungwe kwenye kizimba, ile fremu inayoizunguka kamera, au kwenye stendi, usining'inie. Mchanga usiingie kwenye kibodi, chumvi ya bahari ifutwe jioni hiyo hiyo, watoto wasiruke waya, na upepo wa kusi ukianza kuvuma, mtu mmoja ashike stendi muda wote.