Kupata utando safi wa uyoga kwenye agari

Utando ni nyuzinyuzi nyeupe ambazo uyoga huota kutoka kwazo. Huoteshwa kwenye sahani ndogo za maabara zenye agari, yaani unga wa mwani unaogandisha chakula kama jeli. Wengi hukata tamaa sahani ya kwanza ikiota ukungu. Mimi ya kwanza siihesabu. Kazi yake ni kunipa ukingo mmoja safi wa kuhamishia ya pili.

1. Chakula: maji lita 1, dondoo la kimea gramu 20, agari gramu 20. Presha kuka, nyuzi joto 121, dakika 20. Zinatoka sahani 40 hivi. Mimina kwenye sahani chupa ya chakula ikishashikika kwa mkono. Ikiwa ya moto sana, mvuke utafanya matone kwenye kifuniko, na matone husambaza bakteria.

2. Uyoga uwe mchanga, mkavu, wa leo. Usiuoshe. Tena usiukate: uchane kwa mikono kuanzia shinani. Kisu huburuta uchafu wa nje hadi ndani, ila ukiuchana, nyama hufunguka bila kuguswa na chochote. Choma ncha ya skalpeli (kisu kidogo cha maabara) hadi iwe nyekundu, ipoze kwenye agari, kisha nyofoa kipande kama punje ya mchele pale shina linapokutana na kofia. Kiweke katikati ya sahani. (Spiriti ikae mbali na moto. Nyusi zangu zinajua kwa nini.)

3. Ziba, pindua, weka gizani penye joto la nyuzi 24. Pleurotus (uyoga wa oyster) huanza kutoa utando mweupe siku ya 2 hadi ya 4.

4. Usingoje sahani ijae. Kata kipande kidogo kwenye ukingo unaosonga mbele, upande ulio mbali na uchafu, uhamishe. Rudia mpaka utando uwe mweupe mtupu.

MASWALI

– Mkuu, nimeona doa la kijani. Nilikwangue?
Usifungue sahani kabisa! Yaelekea ni Trichoderma, ukungu wa kijani, na spora zake (mbegu ndogo kama vumbi) zitaruka chumba kizima. Ichemshe kwenye presha ikiwa imezibwa, ndipo uitupe.

– Nianze na spora badala ya nyama?
Inawezekana, lakini kila spora ni mtoto mwenye tabia zake, na kwa aina nyingi spora moja haizai uyoga mpaka ikutane na mwenzake. Nyama hukupa nakala ya mzazi.

– Utando naweza kuuhifadhi kwenye friji?
Aina nyingi hukaa miezi kadhaa kwenye nyuzi 4. Volvariella volvacea (uyoga wa majani ya mpunga), hapana, baridi hiyo huiua. Yangu niliipoteza hivyo kwa wiki moja tu. Iweke kwenye nyuzi 15 hivi.