Diski ya breki imeganda kwa kutu? Usikimbilie nyundo

Gari ikilala nje huku Mombasa, Nyali, Bamburi ama Likoni, hewa ya chumvi inaila polepole, siku ya kubadilisha diski unatoa kalipa (ile inayobana pedi) vizuri kabisa lakini diski yenyewe imeshikana na habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa, haitikisiki. Hapo wengi huanza kuibamiza. Tafadhali usianze hivyo, beringi iko hapo hapo nyuma, na sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) pia kama gari yako inayo.

Legeza nati za gurudumu gari ikiwa bado chini, piga jeki, weka stendi, toa gurudumu. Usifanye kazi na jeki peke yake hata kama ni ya dakika 5. Kalipa itundike na waya kwenye springi, isining'inie na paipu yake manake ile paipu inaweza kuumia ndani na kwa nje usione kitu. Toa pia breketi inayobeba pedi, ukiiacha utavuta mpaka kesho. Kama ni diski za nyuma teremsha hendibreki, na gari nyingine zina breki shuu ndani ya diski, zilegeze kwanza kupitia katundu kake. Honda nyingi zina skrubu mbili zinazoshika diski kwa habu, hizo bisibisi ya kawaida itazila vichwa, tafuta ile ya kugongwa na nyundo.

Sasa kutu. Piga brashi ya waya pale katikati diski inapokutana na habu, na kuzunguka stadi (zile bolti za gurudumu), kisha puliza oili ya kulegeza kutu, nenda kanywe kahawa chungu, rudi uongeze. Ukiweza kuiacha usiku kucha bora zaidi.

Angalia usoni mwa diski, kati ya stadi. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye meno, na watu wanayapita tu kumbe dawa ndio hiyo! Tafuta bolti mbili za M8, meno ya 1.25, zipake oili, ziingize kwa mkono kwanza halafu kwa spana, nusu mzunguko huku nusu kule, zile bolti zinasukuma habu na diski inakuja nje sawasawa. Utasikia "ta!" kutu ikiachia. Bolti ikikaza sana usilazimishe, ongeza oili, gonga diski kidogo, endelea.

Hakuna matundu? Vaa miwani, rudisha nati mbili kwa meno machache diski isikuangukie miguuni, halafu gonga kati ya stadi na nyundo ya mpira huku ukizungusha habu. Diski ya kutupwa unaweza kuipiga na nyundo ya chuma ukingoni kutoka nyuma, juu, chini, pande zote. Stadi usiziguse. Na moto wa gesi mimi siukubali hapa kabisa, unayeyusha grisi ya beringi na kuunguza raba.

Ikitoka, kazi bado, na hapa ndipo mafundi wengi wanaharakisha: sugua habu kwa brashi na msasa mpaka chuma king'ae, sababu kutu ikibaki diski mpya haikai sawa na usukani utatetemeka ukikanyaga breki ukiteremka daraja la Nyali. Paka grisi ya shaba nyembamba sana, isifike pedi zinaposugua. Diski mpya ifute ile oili yake kwa dawa ya kusafisha breki, kaza nati kwa mshazari, na kabla hujaondoka kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu.