Tausi wamevamia shamba lako? Fanya hivi, na sumu iache dukani

Mi nafuga kuku huku Kiryandongo, Uganda, na siku hizi watu wa Bweyale na Kigumba wananipigia simu niende kuwakamatia tausi. Kisa ni kilekile, mtu ananunua jozi ya kupamba boma lake, wanazaana, ukuta hauwazuii maana wanaruka vizuri tu, unashtukia alfajiri wako kwenye mahindi ya jirani wanapiga kelele hadi watoto wanaamka. Nawaandikia ninavyofanya.

Hatua ya 1: Mtafute mwenye tausi

Tausi tunaowaona huku asili yao ni India, kwa hiyo ukimwona ujue kuna mtu alimleta. Nenda mkaongee vizuri, mkishindwana nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, muandikishane. Usimchinje, kesi itakugeukia wewe. Alafu hakikisha ni tausi kweli! Mzee mmoja aliniita nikakuta ni korongo wenye taji, ndege wa bendera yetu kabisa, hao sheria inawalinda, usiwaguse, wakikusumbua waambie UWA, mamlaka ya wanyamapori.

Na tafadhali sana, sumu hapana. Nimeenda boma moja wamechanganya dawa ya wadudu na mahindi, mbwa amekufa, mitetea saba imekufa, na tausi wenyewe wako juu ya paa wanatuangalia. Iliniuma sana.

Hatua ya 2: Ondoa chakula cha bure

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, usiparuke. Tausi anakula karibu kila kitu, nafaka, majani machanga, maua, mchwa, panzi, mijusi, hata nyoka wadogo. Panzi huwezi kuwamaliza, lakini mahindi uliyoanika kwenye turubai, pumba za kuku na sahani ya mbwa hivyo viko mikononi mwako. Kuku walishie ndani ya banda, wakimaliza ondoa mabaki. Kuna mama alikuwa anaanika simsim uani kila siku, tukamjengea kichanja tukakifunika wavu, na baada ya kama wiki mbili wale tausi wakawa wanapita tu, hawakai.

Mboga pia funika. Nyavu kuukuu za wavuvi wa Masindi Port zinatosha, ila zikaze juu ya vijiti zisilegee, na zikague kila asubuhi maana ndege akinasa anapaparika mpaka anakufa.

Hatua ya 3: Wanyime pa kulala

Giza likianza kuingia wanapanda mti mrefu, na mara nyingi ni uleule kila siku. Wasubiri hapo na mpira wa maji, wamwagie wakitaka kupanda, jioni baada ya jioni mpaka wahame. Kama huna mpira tumia bomba la kupulizia, lakini liwe jipya, lisilowahi kutiwa dawa. Mawe usirushe. Sanamu na makopo ya kuning'iniza wanazoea haraka sana, mi nimeacha. Gari linalong'aa lifunike, dume akijiona humo anadhani ni dume mwenzake na atalipiga mpaka rangi itoke.

Hatua ya 4: Kuwakamata

Usiwakimbize mchana. Mara ya kwanza nilimdaka dume kwa nyuma, manyoya yakabaki mkononi, yeye akaruka paani na mwezi mzima hakusogelea banda.

Sasa nafanya hivi: natafuta banda lenye mlango wa kuvuta kwa kamba kutoka mbali, naweka mahindi saa ileile kila jioni, mlango naacha wazi, wiki mbili sifungi kitu. Akiingia mmoja usivute, subiri waingie wote, maana atakayebaki nje akiona mwenzake kafungiwa hutampata tena. Ukishafunga waache watulie mpaka usiku mnene, ingia na tochi hafifu, ongea polepole, mtupie blanketi kichwani, bana mabawa ubavuni na mkono mmoja, mwingine ushike miguu yote miwili. Dume ana kipi kikali mguuni kama jogoo, vaa shati la mikono mirefu. Akishafunikwa macho utamsikia moyo unadunda mbio kwenye kifua chako lakini hapigani tena.

Kila mmoja katoni yake yenye matundu. Habari ya kumfunga miguu na kumning'iniza kichwa chini kwenye boda, hapana jamani, anavunjika.

Hatua ya 5: Mayai na makao mapya

Jike anataga chini kwenye nyasi ndefu, kwa kawaida mayai 4 hadi 8, analalia kama siku 28, basi fyeka nyasi mapema. Ukikuta ameshalalia, mayai mpe kuku anayeatamia.

Waende kwa mwenyewe au kwa mfugaji anayewataka, usiwaachie msitu wa Budongo wala mbugani, siyo kwao. Huko wanakoenda wafungiwe kama wiki 6 wapazoee ndo wafunguliwe, na wasichanganywe na kuku, kuku anaweza kubeba ugonjwa ambao yeye haumsumbui ila tausi unamuua. Chanjo ya kideri wapewe. Na wewe kwako ule mlango wa banda ufunge kuanzia siku hiyohiyo, usije ukaita wengine.