Maswali ya makundi yanayoingiliana kwenye GMAT, chora boksi

Wanaojiandaa na GMAT au GRE (mitihani ya kuombea masomo ya uzamili), yale maswali ya "wangapi wanafanya vyote viwili" msikimbilie fomula jamani, chora kajedwali tu. Mfano, ofisi ina watu 120, wanaokunywa chai 70, kahawa 50, na 20 hawanywi chochote, wangapi wanakunywa vyote? Juu andika chai / sio chai / jumla, pembeni kahawa / sio kahawa / jumla, alafu jaza ulichopewa. Sio chai ni 120 toa 70, yaani 50, humo 20 hawanywi chochote kwa hiyo kahawa peke yake ni 30, na kahawa jumla ni 50, basi vyote ni 20. Imeisha, na jedwali linajihakiki lenyewe maana kila mstari lazima ujumlike.

Panapoua watu wengi ni kaneno "tu". "Wanaokunywa kahawa" ni 50 ila "kahawa tu" ni 30, na mara nyingi majibu yote mawili utayakuta kwenye machaguo yanakusubiri. Asilimia nazo hivyo hivyo, "30% ya wanaokunywa chai" sio 30% ya ofisi nzima, we piga mstari chini ya hilo "ya" kabla hujagusa namba. Kama hujapewa jumla weka 100.

Yakiwa makundi matatu jedwali linagoma, hapo rudi kwenye duara za Venn (duara zinazopishana, kila kundi na duara lake) na anza kujaza katikati kabisa ukielekea nje.