SOMO: Ushindi wa mbio za mteremko unatoka wapi? Baiskeli, mwendeshaji au timu?

Wakuu, salaam. Kila Kombe la Dunia la baiskeli za mteremko likipita, ubishi unarudi uleule. Huyu anasema "kabebwa na baiskeli," yule anasema "jamaa mwenyewe ni moto." Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naweka hapa njia ninayoitumia mwenyewe kuamua sifa ziende kwa nani. Chukua chai, ni ndefu kidogo.

Kwa wageni: mwendeshaji anashuka mlima peke yake, anapimwa kwa saa mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Siku ya fainali anashuka mara moja tu, na hakuna kurudia. Mteremko huchukua kama dakika tatu mpaka tano. Baiskeli yenyewe ina uzito wa kilo 16 hivi, na shokapu zake, ya mbele na ya nyuma, huzama karibu milimita 200. Ukiikuta imesimama utadhani ni pikipiki iliyong'olewa injini.

Hatua ya 1: Soma njia kabla ya kusoma majina

Watu wengi huanza na majina, ndiyo maana wanapotea. Fort William kule Uskoti ni njia ndefu ya kama kilomita 2.8, juu ni mawe matupu, chini inafunguka na mtu anapaswa kukanyaga pedali huku mapaja yanawaka. Champéry ya Uswisi ni kinyume chake: mteremko mkali kiasi kwamba hata kupanda kwa miguu ni shughuli, na mvua ikinyesha mizizi inateleza kama sabuni. Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ina kipande kirefu cha karibu tambarare ambacho kinadai mapafu.

Sasa jiulize: njia ya leo inamlipa nani? Kwenye mawe, shokapu na magurudumu yanahesabika sana. Kwenye tambarare ni miguu. Kwenye matope na ukali wa Champéry, mwendeshaji ndiye anayebaki. Ubingwa wa Dunia (mbio moja kwa mwaka, tofauti na Kombe la Dunia lenye raundi kadhaa) wa 2011 ulifanyika hapohapo Champéry kwenye tope, na Danny Hart wa Uingereza akawaacha wote kwa zaidi ya sekunde 11. Katika mchezo ambao watu hupigana kwa nusu sekunde, pengo hilo hakuna fremu inayoweza kukununulia.

Hatua ya 2: Kagua baiskeli, lakini kwa maswali matatu tu

Usihangaike na rangi na vibandiko. Uliza hivi.

*Magurudumu yana ukubwa gani?* Kwa miaka mingi karibu wote walitumia inchi 26. Kati ya 2013 na 2014 wengi wakahamia 27.5. Halafu mwaka 2017 timu ya Santa Cruz Syndicate ikatokea na baiskeli za inchi 29, wengine wakabaki wameduwaa, na Greg Minnaar wa Afrika Kusini akashinda nayo Fort William mwaka huohuo. Gurudumu kubwa hupita juu ya jiwe pale ambapo dogo lingetumbukia na kukwama. Shida yake ni kwa mtu mfupi: kwenye ukali, tairi la nyuma linamgusa makalio. Mwaka 2019 sheria za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, zikaruhusu gurudumu la mbele na la nyuma yasilingane. Loïc Bruni wa Ufaransa akafungua msimu huo kwa ushindi Maribor, Slovenia, akiwa na 29 mbele na 27.5 nyuma.

*Gurudumu la nyuma linaelekea wapi linapopigwa na jiwe?* Hapa ndipo utamu ulipo. Kwenye baiskeli ya kawaida yenye shokapu, gurudumu hupanda juu na kusogea mbele kidogo, yaani linalifuata jiwe. Wakiweka egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) juu zaidi, gurudumu linarudi nyuma kwanza, kama mtu anayekwepa ngumi. Tatizo ni kwamba mnyororo unavutika, kwa hiyo inabidi upitishwe juu ya kigurudumu kidogo karibu na egemeo. Wazo lenyewe ni la zamani, lakini kampuni ya Commencal walilishikilia na baiskeli yao ya Supreme, na Amaury Pierron wa Ufaransa akabeba jumla ya Kombe la Dunia (pointi za raundi zote za msimu) mwaka 2018 na tena 2022.

*Tairi lina upepo kiasi gani?* Swali hili hudharauliwa, nami naona ndilo kubwa kuliko yote mawili ya juu. Upepo ukizidi, tairi linaruka kwenye mawe. Ukipungua, rimu inagonga jiwe na pancha inakuja. Fundi mzuri hupima asubuhi, akapima tena juu kabisa kabla ya mtu wake kuondoka.

Hatua ya 3: Mfuate mwendeshaji anapohama

Hiki ndicho kipimo changu ninachokiamini. Chukua Aaron Gwin wa Marekani. Alibeba jumla ya Kombe la Dunia 2011 na 2012 akiwa na kampuni ya Trek. Akahamia Specialized 2013 na msimu ukawa mchungu, watu wakasema amekwisha. Mwaka 2015 akalibeba tena, na Specialized hiyohiyo. Akahama tena kwenda YT, kampuni changa ya Ujerumani, akashinda 2016 na 2017. Makombe matano kwa baiskeli za kampuni tatu! Uwezo ni wa mtu. Lakini msimu wa 2013 nao unasema kitu: hata mtu wa namna hiyo alihitaji muda wa kuelewana na chuma kipya na watu wapya.

Minnaar, mzaliwa wa Pietermaritzburg, ni mfano mwingine. Mataji yake ya dunia ni ya 2003, 2012, 2013 na 2021, la mwisho akiwa na miaka 39. Baiskeli ya 2003 na ya 2021 ukiziweka pamoja utadhani si mchezo mmoja. Lile la 2013 alilichukua nyumbani kwao, huku tairi likiwa limeshapata pancha karibu na mwisho. Aliifikisha.

Hatua ya 4: Tafuta watu usiowaona kwenye luninga

Timu si jezi zinazofanana. Kuna fundi anayebomoa na kuunganisha upya baiskeli usiku baada ya mazoezi. Kuna mtu wa shokapu anayebadilisha mafuta na vali za ndani kwa ajili ya njia moja tu. Kuna wa misuli, wa chakula, wa kuendesha lori. Na kuna wanaosimama porini siku ya mazoezi wakitazama nani amepita wapi, wanarudi na habari: "Kwenye ule mzizi, wenzako wanapita juu, wewe unapita chini." Habari hiyo ina thamani ya nusu sekunde, nayo ni bei ya miguu na macho tu.

Ndugu wa familia ya Atherton kutoka Uingereza wamelifikisha jambo hili mbali zaidi: mwaka 2019 walianzisha kampuni yao ya baiskeli, mirija ya kaboni ikiunganishwa na vipande vya titani vilivyochapwa kwa mashine ya 3D. Maana yake mwendeshaji akilalamika leo, mchoro unabadilishwa na watu wanaokaa naye meza moja. Ubingwa wa Dunia wa 2023, Fort William, Charlie Hatton akashinda na Andreas Kolb akawa wa pili, wote juu ya Atherton. Siku hiyo mimi nilivua kofia kwa karakana.

Hatua ya 5: Weka mvua kwenye hesabu

Fainali hupangwa kinyume: aliyekuwa mwepesi zaidi kwenye mchujo anaondoka wa mwisho. Ni heshima, na pia ni mtego, kwa sababu wingu likifika saa ya mwisho linawalowesha wakali. Mwaka 2017 Mont-Sainte-Anne, Kanada, Gwin alishuka wa mwisho njia ikiwa imeshalowa, na bado akashinda mbio. Kabla ya kumsifu au kumcheka mtu, angalia saa aliyoondoka na hali ya ardhi.

Hayo ndiyo somo. Maswali chini.

---

Mnyororo Mkavu: Mkuu, mbona hukumtaja Gwin na mnyororo uliokatika? Ile si ndiyo ushahidi kwamba baiskeli haina maana?

Jibu: Nilijua itakuja. Leogang, Austria, 2015: anakanyaga pedali za kwanza tu, mnyororo unakatika, na bado anashinda. Finn Iles wa Kanada naye akashinda Mont-Sainte-Anne 2022 mnyororo ukiwa umekatika. Ila angalia njia, hatua ya kwanza hiyo. Leogang ya wakati ule ilikuwa na kona nyingi zilizoinuliwa kingo, mtu akizisukuma kwa mwili anapata kasi bila pedali. Ungemkatia mnyororo Pietermaritzburg angefika na jua la magharibi. Jambo la pili: shokapu ya nyuma ikizama, mnyororo huvutika na unaweza kuvuta pedali kinyume, miguu inapigwa. Bila mnyororo shokapu iko huru. Leo kuna kifaa cha Kiitaliano kiitwacho Ochain, kinawekwa kwenye krenki (mikono inayoshika pedali) ili kupunguza mvuto huo. Kwa hiyo mkasa wako unaonyesha kinyume: baiskeli ina maana mpaka kwenye mnyororo.

Kijana wa Hesabu: Naomba asilimia. Baiskeli ngapi, mtu ngapi, timu ngapi?

Jibu: Sitoi, kijana wangu. Atakayekupa anakisia. Badala yake linganisha wawili wa timu moja. Canberra 2009, Steve Peat na Minnaar, wote wa Santa Cruz, baiskeli za aina moja. Peat, aliyekuwa ameshakuwa wa pili mara nne kwenye Ubingwa wa Dunia, alimshinda mwenzake kwa sekunde 0.05. Pengo hilo ni la watu wawili tu, chuma hakimo. Wa tatu na wa nne ndio wa kuuliza habari za baiskeli.

Mama Wawili: Na wanawake je? Naona mifano yote wanaume.

Jibu: Dada, umenishika. Rachel Atherton, mmoja wa ndugu wale niliowataja, mwaka 2016 alishinda raundi zote saba za Kombe la Dunia, na Ubingwa wa Dunia juu yake. Hakuna mwanaume aliyewahi kumaliza msimu hivyo. Vali Höll wa Austria naye amechukua ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2022 mpaka 2025. Na kabla yao alikuwepo Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa, aliyetawala tangu 1996, kisha akaenda Olimpiki ya Beijing 2008 akachukua dhahabu ya BMX, yaani mbio za baiskeli ndogo. Ukitaka kuona mwendeshaji akizidi vifaa, anza na huyu.

Fundi wa Kona: Kwa nini wasitengeneze nyepesi kabisa? Kilo 16 si mzigo?

Jibu: Fundi, kwenye kupanda ni mzigo. Kwenye kushuka, baiskeli nyepesi mno inarushwarushwa na mawe. Baadhi ya waendeshaji wamewahi kufunga vyuma vya uzito chini ya fremu kwa makusudi ili itulie. Wewe umezoea wateja wanaotaka kupunguza. Hawa wakifika kwako wataomba uongeze.

Kijana wa Lushoto: Mimi nina baiskeli ya kawaida na milima ipo. Nianzeje?

Jibu: Taratibu. Mimi nilianza kwa kiburi, nikashuka barabara ya milimani na mpira wa breki uliokwisha, nikaishia kwenye shamba la mahindi la mtu na goti lililochubuka mpaka mfupa. Nunua kofia ngumu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Badilisha mipira ya breki zote mbili, na uhakikishe waya haujachanika. Shusha tandiko mpaka chini, simama juu ya pedali, magoti na viwiko vikiwa vimekunjwa. Chagua kipande cha mita mia mbili tu, ukitembee kwa miguu mara tatu ukihesabu mawe, umwombe mwenzako asimame kwenye kona mbaya zaidi. Tairi la nyuma lipe upepo zaidi kidogo kuliko la mbele.