Manemane kwa fizi na vidonda vya mdomo

Ukipita Eastleigh, Nairobi, kwa wauza ubani na udi, ulizia manemane. Wasomali huiita malmal. Ni utomvu wa kichaka chenye miiba, Commiphora myrrha, kinachoota kwenye ukame wa Somalia, Ethiopia na kaskazini-mashariki mwa Kenya. Gome likichanjwa hutoa utomvu wa manjano unaoganda na kuwa kahawia-nyekundu. Msiichanganye na ubani: manemane ina rangi iliyokolea zaidi na ni chungu sana.

Kwa jadi, kipande kidogo kama punje ya mahindi hulowekwa usiku kucha kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, na asubuhi maji hayo husukutuliwa na kutemwa. Hakitayeyuka chote, maana maji huyeyusha sehemu ya gundi tu. Wengine husafishia majeraha madogo au huifukiza nyumbani.

Nasisitiza kutema. Mjamzito asiinywe kabisa, kwani inaweza kuchochea mji wa mimba. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari amuulize daktari kwanza. Na fizi zikiendelea kutoka damu, jamani, nendeni kwa daktari wa meno.